Jina la Mama Mkwe Kwenye Santuri

Nairobi, 10 Februari 1974

Dada yangu Benedetta,

Nakusalimu wewe, shemeji Ochuodho, watoto, na yule ng'ombe wa Mama mwenye pembe moja, kama bado anapumua. Mimi ni mzima, tena nimenenepa mashavu, maana mtu akishakuwa nyota hapewi sahani nusu.

Nyota, ndiyo. Umesoma vizuri. Wale waliosema Ochom na gitaa lake watarudi Malaba kwa miguu, waambie wakae kitako wasikilize. Santuri yangu imetoka! Inaitwa "Amongin". Nimemwimba mama mkwe wangu mtarajiwa kwa jina lake, kila mwisho wa ubeti. Nimesifu mikono yake, kuku wake, ugali wake wa wimbi, na zaidi nimemsifu kwa kumzaa Anyait. Huku River Road ni hiyo tu inalia, duka hili na duka lile. Mwanamke gani wa Malaba amewahi kuimbwa hivi? Akitaka kuongeza mahari sasa, ataona haya mwenyewe.

Bashir wa lori atakuletea nakala moja. Mpelekee Anyait. Mwambie harusi ni Desemba na bendi nzima inakuja.

Ni mimi,
Ochom, Sauti ya Mpakani, Kiongozi wa Njia Panda Jazz


Malaba, 3 Machi 1974

Ndugu yangu Ochom,

Yoga noi, kama salamu ya kwetu bado unaikumbuka. Sisi tuko. Shemeji yako ameleta omena kutoka Sio Port zikanyeshewa njiani, sasa hoteli yangu yote inanuka mtumbwi na madereva wanakunywa chai wakiwa nje. Mtoto wa mwisho ameota jino. Mama anakusalimu. Ama tuseme alikuwa anakusalimu mpaka juzi.

Ochom, wewe ulizaliwa na Mteso ama uliokotwa relini? Nani alikufundisha kutaja jina la mama mkwe? Mwanamume akimwona mama mkwe njiani anaingia kichakani ampishe, wewe unamtaja na gitaa na ngoma! Halafu unaliandika tena kwenye barua yangu. Nimelifuta kwa makaa. Kuanzia leo tutamwita Yule Mama, mimi na wewe.

Mambo yalikuwa hivi. Ile baa ya karibu na reli iliweka santuri yako siku ya soko. Yule Mama alikuwa anapita na kuku wawili wa kuuza. Akasikia jina lake linatoka ukutani kwa sauti yako wewe, na walevi wote wanaitikia. Kuku aliwaachilia pale pale. Jioni hiyo ng'ombe wetu wa mahari wakarudishwa na kaka zake, wakafungwa mlangoni kwa Mama, bila hata hodi. Anyait nilimkuta kisimani, macho yamevimba. Aliinua tu mabega.

Nakuomba kwa jina la Bikira Maria: wimbo huo uache, na redio usiisogelee.

Dada yako,
Benedetta


Nairobi, 9 Machi 1974

Dada Benedetta,

Salamu kwa wote, hata majirani. Barua yako sijaiona, najua furaha imewazidi mpaka kalamu haishikiki. Nami huku vidole vimechubuka kwa kupiga gitaa na kusalimiwa.

Sikia habari! Jana nimeimba redioni. Mtangazaji akaniuliza, "Huyu Amongin ni nani, boss?" Nikaona nisiwe bahili. Nikasema ni mama mkwe wangu, anakaa Malaba, nyumba ya bati jipya upande wa chini wa reli, ukishapita kinu cha unga, na kwamba mgeni hatoki kwake bila kula. Mtangazaji akasema Kenya nzima sasa inajua pa kula. Tulicheka sana.

Mwambie Anyait asilie kwa furaha, aniwekee machozi mengine ya harusi.

Ni mimi,
Ochom, Sauti ya Mpakani, sasa pia Sauti ya Redio


Malaba, 2 Aprili 1974

Ochom,

Salamu sina. Omena zimekauka, watoto wazima, basi.

Madereva wanakuja. Wa Mombasa, wa Nakuru, hata wawili waliotoka ng'ambo Uganda. Wanasimamisha malori pale kwenye kinu cha unga wanauliza, "Yuko wapi huyo mrembo Amongin?" (Hilo ni neno lao, si langu.) Wamejichania nywele vizuri! Wanamkuta mama wa makamo ameshika mwiko, na anajua kuutumia. Mmoja alimwambia, "Mama, tuitie binti anayeimbwa." Huyo sikio lake lilivimba mpaka akalala hapa kwangu, maana alishindwa kuvaa kofia.

Yule Mama haendi soko tena. Haendi kanisani pia, tangu wanakwaya walipokutwa wakinong'ona wimbo wako nyuma ya kanisa. Wazee wanakutana wiki ijayo kukujadili. Jibu haraka, na ujibu kama mtu, si kama tarumbeta.

Benedetta


Nairobi, 28 Aprili 1974

Dada yangu,

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, moja ikinuka samaki. Bashir anasema ilianguka ikaenda Kampala na kurudi.

Nimezisoma nimekaa chini. Lakini dada, waambie wazee hivi. Mimi sikumtaja mbele yake. Nilitaja nikiwa Nairobi, juu gorofani, ndani ya chumba kilichofungwa, kuta zote zimegongelewa magodoro sauti isitoke. Wapo watano tu walionisikia, na mmoja ni mpiga ngoma, haambii mtu kitu. Aliyetaja jina Malaba si mimi, ni gramafoni. Tena gramafoni nayo haitaji mpaka mwenye baa aweke sindano. Basi kosa ni la nani? Wafikirie.

Na Anyait anasemaje? Niandikie maneno yake yenyewe.

Nami nikuambie jambo dogo. Klabuni Jumamosi nilichelewa, nikakuta mlango umejaa watu. Nikamwambia bawabu, "Mimi ndiye Ochom." Akasema, "Ochom ni nani? Leo tunamngoja Amongin." Nikalipa kiingilio nikaingia kwenye onyesho langu. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, kidogo.

Samahani kwa jina. Ni bawabu aliyelitaja.

Ochom, Sauti ya Mpakani


Malaba, 20 Juni 1974

Ndugu yangu,

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuanza na sikuipata. Mama ana homa ya kawaida. Ng'ombe wa pembe moja amezaa, usiulize alipata wapi nguvu.

Wazee walisoma hoja yako. Mzee Etyang alicheka mpaka mrija wa pombe ukamtoka mdomoni, lakini wengine waliichukua kwa uzito. Walibishana tangu chungu kimejaa mpaka kikabaki machicha. Mmoja akataka gramafoni itozwe mbuzi. Mwenye baa akasema yeye aliweka sindano tu, hajui Kiteso kinaimba nini, yeye ni mtu wa Mundika, si Mteso. Mwishowe wakasema: mdomo ni mdomo, hata ukifungwa kwenye godoro. Hutakanyaga Malaba mpaka Yule Mama akuite mwenyewe.

Na sasa sikia kilichonizuia kuandika. Wiki mbili zilizopita tanboi mmoja wa lori alipita kwake akiimba ule wimbo kwa makusudi. Yule Mama akamkimbiza na mwiko. Alikuwa karibu kumshika, Ochom, kila mtu anasema hivyo. Akaanguka kwenye mtaro wa reli, mguu ukavunjika. Yuko hospitali huko Alupe, Anyait analala huko akimuuguza.

Na kuna karani wa forodha ameanza kumpelekea mgonjwa sukari na maziwa ya kopo. Hana wimbo hata mmoja, na wajomba wa Anyait wanasema hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Wanataka mambo yaishe kabla ya Krismasi.

Ulitaka maneno ya Anyait. Alisema, "Mwambie mguu wa mama umevunjika." Ni hayo tu.

Benedetta


Busia, 7 Julai 1974

Dada Benedetta,

Shikamoo, na pole na hoteli, pole na Mama. Angalia juu: ni Busia, si Nairobi. Sikukanyaga Malaba, nimezunguka kwa njia ya Mumias. Napanga chumba nyuma ya duka la Mama Zaitun, anayeuza kanga na mafuta ya taa, mcha Mungu sana. Ameniambia gitaa halilii ndani ya uwanja wake saa ya swala. Nimekubali.

Usiniulize nimeacha bendi kwa sababu gani. Hali ya hewa ya Nairobi ni baridi mwezi huu.

Nina ombi. Ile akogo ya marehemu baba, kile kinanda chake cha vidole kilichotundikwa jikoni kwa Mama juu ya moshi, nitumie kwa mkono wa Bashir. Ni kwa shughuli fulani.

Ochom


Malaba, 15 Julai 1974

Ochom,

Hatujambo. Akogo hiyo hapo, nimeifunga kwenye gunia la omena ili Bashir asijaribu kuipiga njiani. Nimeikwangua masizi. Vyuma viwili vimelegea, baba alikuwa anavikaza kwa nta.

Wewe uliyekuwa unaona haya baba akiipiga mbele ya wenzako wa shule, leo unaitaka? Shughuli fulani! Alupe ni hatua chache kutoka Busia, mimi si mtoto. Ukimfikia Yule Mama uso kwa uso akapandwa na hasira akavunja mguu wa pili, karani wa forodha atakununulia soda ya shukrani.

Benedetta


Busia, 25 Agosti 1974

Dada yangu,

Natumaini baridi imeisha huko. Mama Zaitun anakusalimu ingawa hakujui, anasema dada anayetuma kitu kwenye gunia la omena lazima ni mtu mwaminifu.

Sasa nikuambie. Sijamwona Yule Mama, wala yeye hajaniona, naapa. Wadi ya wanawake ina ukuta, na nyuma ya ukuta kuna kamba wanazoanikia shuka. Mimi nakaa katikati ya shuka, nimeegemeza mgongo, napiga akogo. Siimbi. Neno hata moja halitoki. Napiga zile nyimbo ambazo baba alikuwa anapiga watu wakipepeta wimbi. Madirisha yako juu, sauti inaingia yenyewe.

Siku ya kwanza nilipiga nyimbo mbili nikakimbia. Siku ya pili nesi alivuta shuka akanikuta, akapiga kelele, akadhani mimi ni mwizi wa shuka. Anyait akatoka mbio akasema, "Huyu ni mgonjwa wa akili wa huko sokoni, hana madhara." Nesi akaniacha. Dada, ndiyo maneno ya kwanza Anyait amesema juu yangu tangu Februari, na nilifurahi mpaka nikakosea wimbo.

Siku ya tatu nikasikia sauti ya Yule Mama mwenyewe, kali kama pilipili: "Mwambieni huyo wa nje chuma chake kimoja kimelegea!" Nikakaza. Siku iliyofuata: "Anakimbilia wapi? Kuna mtu anamfukuza?" Nikapunguza mwendo. Siku nyingine alinyamaza kabisa, nikadhani nimeharibu. Anyait akapita na beseni akaninong'oneza, "Amelala. Hajalala mchana tangu aumie." Mimi, dada, nimepigiwa makofi na ukumbi mzima mjini Nairobi, lakini makofi hayo hayakuwahi kuniliza. Nililia ndani ya shuka ya serikali.

Sasa wagonjwa wengine wananingoja. Kuna bibi kutoka Sio Port anaomba zake, mimi sijui nyimbo za Waluo, ananiimbia kupitia dirishani najifunza. Hakuna anayejua jina langu. Wananiita Wa Ukutani.

Tatizo ni hili. Bosi wa studio amenipata kwa simu ya maandishi. Anataka santuri ya pili, "Amongin Anajibu". Nisipofika studio tarehe saba Septemba, Jumamosi, atamchukua mtu mwingine. Na Anyait ameniambia Jumamosi hiyo hiyo mama yake anatolewa hospitali, na mgonjwa mwenyewe amesema, "Wa Ukutani aje siku hiyo, asiponipigia sitoki." Hajui ni mimi. Nifanyeje? Jibu upesi.

Ochom


Malaba, 2 Septemba 1974

Ndugu yangu,

Huku salama. Nimesoma barua yako mbele ya sufuria, chai ikamwagika yote.

Nenda Nairobi. Nasema hivi nikiwa na akili timamu. Imba wimbo mwingine, hilo jina uliache, ununue ng'ombe wapya, wajomba wataona wewe ni mtu. Ukuta haulipi mahari. Akogo ilimpa baba heshima lakini viatu hakuwahi kuvaa, unakumbuka.

Nenda, Ochom. Mimi nitakuombea.

Dada yako akupendaye,
Benedetta


Busia, 12 Septemba 1974

Dada Benedetta,

Salamu. Ushauri wako umenifikia jana, tarehe kumi na moja. Bashir alikwama Amagoro na gurudumu. Umshukuru, maana ungenifikia mapema ningeutii, na sasa ningekuwa Nairobi najuta.

Ijumaa nilikwenda kituo cha basi na gitaa langu. Nilikata tikiti. Utingo akanitambua, akapiga kelele, "Huyu ndiye wa Amongin!" Abiria wote wakageuka, wakaanza kuimba, mama mmoja akanipa ndizi. Ndicho nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote, dada. Nikawa nimekaa pale na ndizi yangu nikifikiria yule bibi wa Sio Port, kwamba nilikuwa nimeshika nusu tu ya wimbo wake, na yeye anaujua mwisho. Nikashuka. Utingo alinitukana sana kwa kupoteza kiti.

Jumamosi nikapiga. Walimtoa Yule Mama kwa mlango wa mbele, mimi niko nyuma kwenye shuka, kila mtu upande wake kama inavyopaswa. Nikasikia gongo lake, to, to, likasimama. Nikapiga wimbo mzima. Halafu likaendelea. Nikapiga mpaka sikulisikia tena.

Studio imemchukua kijana mwingine. Nasikia anaimba vizuri. Nilifikiri nitaumia kuliko hivi.

Kesho naenda Alupe kama kawaida, bibi bado yupo, na kuna mwingine amekuja jana hataki kula. Huenda Anyait ataolewa na sukari. Nikifikiria hilo nakosa pumzi, sitakuficha. Lakini akogo siiachi.

Ochom


Malaba, 1 Oktoba 1974

Ochom ndugu yangu,

Yoga noi! Yoga noi noi! Sote wazima, na kama kuna mgonjwa leo sitaki kujua.

Jana hoteli ilikuwa imejaa madereva. Mara mlango ukafunguka, Yule Mama huyu hapa na gongo, nyuma yake Anyait. Miezi mingapi hajatoka! Akakaa meza ya katikati akaagiza chai ya maziwa. Nami natia sukari, inaenda kila mahali isipokuwa kikombeni. Basi shetani hana kazi nyingine: redio ikaanza wimbo wako. Nikaruka kuizima. Yule Mama akainua gongo: "Iache."

Tukasikiliza wote mpaka mwisho, hakuna aliyetafuna. Dereva mmoja wa Mombasa, hajui lolote, akauliza, "Jamani, huyo Amongin yuko wapi hasa?" Nikafunga macho.

Yule Mama akasimama. "Amongin ni mimi," akasema. "Unataka nini?"

Dereva akavua kofia. Akasema, "Sitaki kitu, Mama. Nilitaka kukusalimu tu." Akamwamkia na mikono miwili. Wengine wote wakasimama wakamwamkia, mmoja baada ya mwingine, na yeye akapokea kama askofu.

Akakaa, akaniambia polepole: "Mpiga gitaa ni mzuri. Anayeimba ndiye mpumbavu. Nilimjua siku ya kwanza kwa kile chuma kilicholegea, baba yake alikuwa hivyo hivyo, hakazi mpaka aambiwe. Nilitaka kuona ataondoka lini." Akanywa chai. "Hakuondoka."

Nikamuuliza, na karani? Akasema sukari yake ilikuwa na unyevu. Anyait akacheka mpaka akatoka nje, na akiwa mlangoni akaniambia maneno yake yenyewe, nakuandikia kama ulivyoomba: "Mwambie yule mwendawazimu wa sokoni arudi nyumbani."

Lakini kuna sharti. Yule Mama anasema akizeeka atakaa karibu na binti yake, na mila ni mila, hamtaonana. Kwa hiyo nyumba utakayojenga iwe na ukuta, yeye akae upande huu, wewe upande ule, na upige kila jioni. Uwe wa matofali, si wa udongo. Umeitwa, Ochom. Ng'ombe nimeshawapeleka.

Mimi niliyekuambia uende Nairobi, usinikumbushe.

Benedetta


Busia, 6 Oktoba 1974

Dada yangu,

Nakuja. Nimempigia bibi wa Sio Port wimbo wake mpaka mwisho, akanisahihisha mara mbili akaridhika. Nimewaahidi wa wadi kwamba Jumatano zitabaki zao, Bashir atanileta.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nimeanza kutafuta matofali. Nina swali moja tu, muulize kwa heshima: huo ukuta, uwe na dirisha ama usiwe nalo?

Ochom


Malaba, 9 Oktoba 1974

Nimemuuliza. Amefikiria sana.

Amesema liwepo, lakini dogo.

Benedetta